Gunia Linalokonda Njiani

Gunia la mahindi hununuliwa nene Karatu na kuuzwa jembamba Loliondo. Wafanyabiashara wa nafaka wa pande zile hawaoni ajabu yoyote hapo. Ndiyo biashara yenyewe. Mkulima wa Rhotia au Endabash hulipwa kwa gunia, hapimiwi kilo, na gunia hilo hutikiswa, hushindiliwa, huongezewa kilemba cha kipande cha gunia jingine, kisha hushonwa kwa shazia mpaka liwe lumbesa la debe saba, pengine nane. Likifika Wasso hufunguliwa mdomo. Mwenye hela huuziwa kwa debe. Asiye na hela ya debe hupimiwa kwa sado, kopo lile la rangi, ambalo mara nyingi kitako chake kimebonyezwa kikaingia ndani. Debe la ziada alilotoa mkulima bure na kiganja alichopunjwa mnunuzi huishia katika mfuko mmoja.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hesabu hiyo juu ya turubai. Mwaka 2009 alikuwa utingo wa Fuso la tajiri mmoja wa nafaka, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda, kazi yake kupakia, kushusha, kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani na kulala juu ya mzigo ili usiibwe. Tajiri hatatajwa hapa, kwa sababu alichokifanya kilifanywa na karibu kila mwenye lori, na kuna matajiri wanaoipita hadi leo njia hiyohiyo kwa sado hilohilo.

Njia yenyewe ilikuwa ya mateso. Kutoka Karatu lori hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, likaiacha lami, likashika vumbi la Selela na Engaruka, likapita Ngaresero chini ya Oldoinyo Lengai, mlima ambao majivu ya mlipuko wake wa 2007 na 2008 bado yalikuwa yakipeperuka nyuma ya matairi. Kisha ukaja mlima wa Sonjo, ambako dereva huacha mzaha na utingo hushuka atembee na jiwe lake mkononi. Juu yake kuna Sale, halafu Wasso, na kutoka Wasso kuelekea kusini magharibi, upande wa Serengeti, ndiko kiliko kijiji cha Arash, mwisho wa safari. Siku hizi kipande cha Wasso hadi Sale, kilomita 49, kina lami. Enzi zile hapakuwa na lami hata ya kuonjea, na kila jiwe la njiani liliingizwa kwenye bei ya mahindi.

Mwaka ule mvua zilikata kaskazini yote ya Tanzania na kusini mwa Kenya. Karatu kwenyewe mashamba mengi yalitoa mabua matupu, na lori ikabidi lishuke hadi soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, kutafuta mzigo. Kwa hiyo mahindi yalifika Arash yakiwa yamesafiri nusu ya nchi. Lakini yalifika, na hilo ndilo jambo ambalo utingo hakulielewa mwanzoni. Magunia yalikuwepo, yamepangwa ukutani dukani mpaka darini, na nje ya duka kulikuwa na watu wenye njaa.

Sababu ilionekana mnadani. Katika mwaka wa neema dume mzuri wa Arash aliuzwa na fedha yake ikarudi nyumbani na magunia sita, na chenji ya sukari na majani ya chai. Kufikia Oktoba 2009 ng'ombe walioletwa mnadani walikuwa wakisukumwa kwa nyuma ili wasimame. Madalali hawakuwa hata na haja ya kupatana. Walingoja jua lipande, wakijua kwamba mwenye ng'ombe hawezi kumrudisha boma kwa miguu. Utingo aliona ng'ombe wawili wakitolewa kwa gunia moja, na gunia lenyewe si la lumbesa. Mzee aliyewauza alilikagua kwa fimbo, akalizunguka, akauliza kama lile lote ni mahindi au kuna mchanga ndani. Swali lilikuwa la haki. Ndani ya mzigo ule kulikuwa na magunia yaliyonyeshewa, yamechanganywa katikati, mahali ambapo bambo la mnunuzi halifiki.

Miaka mingi baadaye, akiwa mwanafunzi mtu mzima, utingo yule alikutana na maelezo ya alichokiona. Mwaka 1981 mchumi wa Kihindi Amartya Sen, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1998, alichapisha kitabu Poverty and Famines. Humo alionyesha kwamba njaa kuu ya Bengal ya 1943 haikuhitaji chakula kipungue sana ili iue mamilioni. Ilitosha watu kupoteza uwezo wa kukifikia. Na alipofika kwa wafugaji wa Ethiopia katika ukame wa 1972 hadi 1974, alieleza jambo ambalo lingeweza kuandikwa Arash: mfugaji hupigwa mara mbili, kwanza kwa mifugo inayokufa, pili kwa ile iliyobaki hai kupoteza thamani mbele ya nafaka. Watu wengi mjini bado wanaamini kwamba Mmasai huishi kwa maziwa, nyama na damu. Kaya ya kawaida ya mfugaji hula nafaka siku nyingi za mwaka, na mfugaji ni mnunuzi wa mahindi kama alivyo dereva wa bodaboda wa Manzese. Tofauti ni kwamba fedha yake hukonda.

Wanawake ndio waliolijua sado vizuri kuliko wote. Yeyo mmoja, mama wa Kimasai wa makamo, aliyekuja na punda na kibuyu kitupu, alilishika sado la dukani, akaingiza mkono hadi kitakoni, akamtazama kijana aliyekuwa akichota.

"Ero, hii sado imeingiza tumbo. Na yenyewe ina njaa?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, muuza duka naye akacheka, na mahindi yakapimwa kwa sado lilelile. Angefanya nini? Duka la pili lilikuwa mwendo wa siku, na lilikuwa la tajiri huyohuyo.

Ni rahisi kuishia hapo na kumlaumu mwenye duka. Lakini mtu hafikishwi kwenye foleni ya sado na mwenye duka peke yake. Ana historia iliyomsukuma. Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro aliwakuta Wamasai wakiwa mifupa mitupu baada ya sotoka kuteketeza ng'ombe wao na ndui kuwafuata wenyewe. Ile ilikuwa balaa ya ugonjwa. Zilizofuata zina mihuri ya ofisi. Mwaka 1959 wafugaji waliokuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti walihamishiwa Ngorongoro na Loliondo, na eneo la Ngorongoro likaundwa kisheria liwe la wanyama na watu kwa pamoja. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku humo. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela akakiruhusu, kaya zikapata vibustani vya mahindi na viazi nyuma ya boma. Mwaka 2009, ndiyo, mwaka uleule wa ukame, marufuku ikarudi. Aliyepanga tarehe hiyo huenda hakuwa na nia mbaya, lakini hakuwa na kalenda ya mvua mezani pake.

Arash haimo ndani ya mipaka ya eneo hilo la hifadhi. Ni ardhi ya vijiji katika tarafa ya Loliondo. Nako mambo yalikuwa na sura yake. Mwaka 1984, Sukenya, kaskazini yake, Kampuni ya Bia Tanzania ilipewa ekari 10,000 za malisho ilime shayiri ya kutengenezea pombe. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyolimwa, kwa misimu michache, kisha mradi ukaachwa na ng'ombe wakarudi. Mwaka 2006 hati ya ardhi hiyo iliuzwa kwa kampuni ya utalii, na kesi ikaanza. Shayiri ya bia ilipewa ardhi ambayo mahindi ya mama hayakuwahi kupewa. Tangu 1992 sehemu kubwa ya Loliondo imekuwa pia kitalu cha uwindaji cha kampuni ya kutoka Falme za Kiarabu, na Julai 2009 maboma yalichomwa moto katika operesheni ya kuwaondoa wafugaji kwenye ukanda unaopakana na Serengeti. Fuso lilipofika mwezi uliofuata, wateja walikuwa wamepungua na wadaiwa wameongezeka.

Juni 2022 serikali ilisimika vigingi na kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kuwa Pori Tengefu la Pololeti, zikabaki 2,500 kwa ajili ya vijiji. Hoja ya serikali ni kwamba ukanda ule ni mapito ya nyumbu, mazalia ya wanyama na chanzo cha maji ya Serengeti, na hakuna mtu mwenye akili timamu wa Arash anayebisha kwamba nyumbu hupita pale. Kila mmoja amewaona tangu azaliwe. Ubishi ni juu ya nyasi za kiangazi. Kijiji cha Arash kilikuwa miongoni mwa vijiji vinne vilivyofungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017. Vilishindwa Septemba 2022, vikakata rufaa, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaifuta hukumu ile na kuagiza kesi isikilizwe upya.

Mambo haya husomwa magazetini kama habari za ardhi au za uhifadhi. Mtu aliyewahi kushusha magunia huyasoma kama habari za chakula. Malisho ya kiangazi yakipotea, ng'ombe hukonda mwezi mmoja mapema, na mwezi huo mmoja ndio unaoamua atauzwa kwa magunia mangapi. Ng'ombe akikamatwa ndani ya pori, mwenyewe hutozwa faini. Ili ailipe faini huuza wengine siku hiyohiyo, kwa bei ya dalali anayejua kwamba muuzaji ana saa chache. Zamani mtu aliyepatwa na shida kama hiyo alikwenda kwa rafiki yake wa osotua, akaomba jike moja la maziwa, akapewa bila deni wala riba. Utaratibu huo bado upo. Unafanya kazi vizuri sana pale shida inapompata mmoja na kumwacha mwingine. Ukame na vigingi huwapata wote kwa pamoja, na rafiki huombwa akiwa naye yuko njiani kuja kuomba.

Mkulima wa Karatu naye asionekane mnufaika katika hadithi hii. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi inazonunua nje, na wakulima wa Karatu na Babati, waliokuwa wamepanda mbaazi kwa sababu waliambiwa ndizo dhahabu, wakabaki nazo stoo huku bei ikiporomoka wiki kwa wiki. Wengi waliuza mahindi yao ya chakula kufidia. Aliyenunua? Lori. Kwa lumbesa.

Kitu kingine kilibadilika njiani, polepole kiasi kwamba utingo hakukitambua mpaka alipoacha kazi. Mwanzoni mzigo ulikuwa mahindi mazima, na Arash yalisagwa kwenye mashine ya dizeli yakatoka dona, na kiini na makapi yake humohumo. Kisha vikaanza kupakiwa viroba vya sembe kutoka viwandani, unga mweupe, mwepesi kupika, usioharibika upesi dukani kwa sababu kile kinachooza, yaani kiini chenye mafuta na vitamini, kimeshaondolewa na kuuzwa kwingine kama pumba za ng'ombe na kuku. Kwa mtu mwenye maziwa, sembe si tatizo kubwa; maziwa hujaza pengo. Tatizo ni kwamba sembe ilifika miaka ileile maziwa yalipokuwa yakiondoka. Vibuyu vilivyokuwa vikisafishwa kwa kaa la moto la mti wa oloirien vikatundikwa ukutani vikavu, na mtoto akalishwa ugali kwa chai ya rangi yenye sukari nyingi. Anashiba. Tumbo limejaa. Urefu ndio unaokataa.

Serikali ililiona tatizo hilo kitaifa. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasagaji wakubwa waongeze virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi, na udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano, uliokuwa asilimia 34 katika utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016, ulishuka hadi asilimia 30 mwaka 2022. Ni hatua. Lakini asilimia 30 ni karibu mtoto mmoja kwa kila watatu, na mashine ya dizeli ya kijijini haina kifaa cha kuongeza virutubishi wala mkaguzi wa kuiuliza. Yale magunia yaliyonyeshewa nayo yana hatari yenye jina lake la kitaalamu: sumukuvu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 68 waugue na kuua 20. Tajiri wa Fuso aliyachanganya ya kwake miaka saba kabla ya hapo, na hakuna aliyehesabu.

Shuleni kulikuwa na afueni kwa muda. Kuanzia mwaka 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipeleka uji wa unga wa mahindi na soya pamoja na chakula cha mchana katika shule za msingi za maeneo kame, yakiwemo ya mkoa wa Arusha, na walimu wa pande zile watakwambia kwamba mahudhurio yalifuata sufuria. Mpango ulipoondoka, mzigo ulirudi kwa wazazi. Kisha mwaka 2016 ikaja elimu bila ada, jambo jema, ila wazazi wengi waliambiwa, au walisikia walichopenda kusikia, kwamba michango yote imefutwa, pamoja na debe la mahindi ya uji. Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni wa 2021 umejaribu kulinyoosha hilo kwa kuwarudisha wazazi jikoni. Arash, mzazi anayechangia debe hilo hulinunua kwanza kwa sado.

Na upande wa pili wa njia ile, Karatu, kuna chakula kingine kinachosafiri. Dada yake utingo alifanya kazi katika jiko la hoteli moja ya watalii mjini Karatu, akifunga maboksi ya chakula cha mchana kabla ya alfajiri: paja la kuku, yai la kuchemsha, mkate wenye jibini, ndizi, keki, juisi. Magari ya watalii huyabeba hadi Kreta ya Ngorongoro, yakafunguliwa kwenye ziwa la Ngoitokitok, ambako mwewe wamejifunza kunyakua kuku mkononi mwa mgeni. Wageni wengi hula nusu. Yanayobaki hurudi kwenye boksi, na madereva wenye huruma huwagawia watoto njiani, jambo ambalo waongozaji wengine hulikataza kwa kuwa linawafanya watoto wakae barabarani badala ya shuleni. Pande zote mbili zina hoja. Ajabu ni kwamba kati ya watu hao wote hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini yai lile halitoki kwa kuku wa Arash au maziwa ya chai kwa ng'ombe wa Loliondo. Ardhi moja huuzwa kwa wageni kama mandhari, na watu wake huja kununua unga.

Zipo njia zilizojaribiwa, na hazihitaji miujiza. Wapo wafugaji, Arash wakiwemo, waliochoka kungoja lori. Huchanga fedha Julai na Agosti, wakati ng'ombe wana mwili na mahindi ya Karatu ndiyo kwanza yanatoka shambani, wakauza wachache wakiwa wanono na kujaza stoo yao wenyewe. Mwenye gunia ndani Februari hasukumi ng'ombe kwa nyuma mnadani. Kenya, wilayani Marsabit, bima ya mifugo ilianzishwa mwaka 2010 ambayo hupima ukijani wa malisho kwa setilaiti na kumlipa mfugaji nyasi zikikauka, bila kungoja apige picha mizoga. Huku kwetu, mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 bei ilipopaa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulipeleka mahindi katika halmashauri yakauzwa kwa bei nafuu. Kwa walioyapata yalikuwa msaada mkubwa. Kwa anayeishi mbali na kituo cha mauzo, nauli ya punda na siku mbili za njia ziliila nafuu yote.

Lakini kabla ya bima na setilaiti kuna kitu cha bei rahisi zaidi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imekwisha kukataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo upo, una ofisi na magari. Halmashauri za Karatu na Ngorongoro zinatoza ushuru kwenye gunia hilohilo, moja linapotoka na nyingine linapoingia, kwa hiyo zinajua kila lori linapopita. Basi zishirikiane. Ziweke mzani sokoni Karatu mwezi Agosti na mzani mwingine Wasso mwezi Februari, zipige marufuku sado dukani, na bei ya kilo iandikwe ukutani kwa wino ambao yeyo wa Arash anaweza kuusoma au kusomewa na mwanawe. Zianze na mavuno yajayo.